Namna ya Kwenda Likasi na Kamera na Kurudi na Deni

Kabla hujachaji betri, kabla hujafuta vumbi kwenye lenzi, tafuta bahasha. Iwe nyeupe, kubwa kiasi cha daftari la shule, ya karatasi ngumu isiyokunjika ovyo. Bahasha hiyo ndiyo kifaa cha kwanza cha mpiga picha anayetoka Kolwezi asubuhi, akapanda basi kwenda sokoni Likasi, akarudi siku hiyohiyo. Kamera ni kifaa cha pili. Ukinifuata hatua kwa hatua utaona kwa nini nimeipanga hivyo.

Mimi kazi yangu ni arusi, ubatizo na picha za wanafunzi waliomaliza masomo. Likasi ninakwenda siku zangu za mapumziko, kwa nauli yangu, kwa sababu ninaupenda mji ule na ninaamini bado haujapigwa picha unavyostahili. Haya ndiyo niliyojifunza njiani, na ninayaandika ili wewe uanze pale nilipofika mimi.

Hatua ya 1: Funga bahasha, kisha mengine

Ndani ya bahasha weka picha ulizosafisha kutoka safari iliyopita, kila moja na jina la mwenyewe nyuma. Kama hii ni safari yako ya kwanza, iweke tupu hivyohivyo. Ina kazi nyingine mbili nitakazozieleza mbele.

Kisha kamera moja na lenzi moja. Ya milimita 35 au 50 inatosha, na simu nzuri pia inatosha. Lenzi ndefu iache nyumbani, kwa kuwa inakufundisha kumvizia mtu akiwa mbali, na sokoni tunataka kukaribia. Chukua kitambaa, mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera, daftari na kalamu. Beba kadi yako ya mpiga kura, maana huko barabarani ndiyo kitambulisho chako. Beba pia falanga ndogondogo, noti za 500 na za 1,000, kwa sababu sokoni utanunua vitu kabla ya kupiga hata picha moja.

Hatua ya 2: Chagua kiti kwa kulisoma jua

Abiria wengi huchagua kiti kwa kukwepa jua. Wewe chagua kwa kulielewa. Barabara ya Kolwezi kwenda Likasi ina takriban kilomita 180, na kwa jumla inaelekea mashariki. Miezi ya kiangazi, tuseme Juni na Julai, jua kwetu linapita upande wa kaskazini. Basi ukienda, kaa upande wa kulia. Ukirudi, kaa upande wa kushoto. Mara zote mbili utakuwa unatazama kusini, jua likiwa mgongoni mwako, na kila kitu nje ya dirisha kitakuwa kimeangazwa usoni. Desemba jua linahamia kusini mwetu, hivyo geuza kanuni yote.

Panda basi la alfajiri, lile linalojaa giza bado lipo. Salimia jirani yako kabla hujatoa kamera. Mtakaa bega kwa bega saa kadhaa, na jirani wa basi ni mwalimu asiyedai ada. Yeye ndiye anayejua mashimo yote ya njia, bei ya unga wiki hii, na jina la kila kilima.

Hatua ya 3: Njiani, piga picha kwa macho

Kioo cha basi kina alama za vidole, vumbi na uso wako mwenyewe. Ukitaka kupiga, sogeza lenzi mpaka karibu iguse kioo, ili taa za ndani zisirudi kwenye picha, lakini usiiegemeze, maana mtikisiko wa injini utapita hadi kwenye kamera. Weka kasi ya 1/1000 au zaidi. Kisha kubali kwamba sehemu kubwa ya njia hii utaibeba kichwani tu, na hiyo ni mali pia.

Mara baada ya kutoka Kolwezi unapita Musompo, kwenye maghala yanayonunua madini ya wachimbaji wadogo. Malori yanaanza hapo na hayaishi: shaba iliyopangwa kwa mabamba, magunia makubwa ya kobalti, yote yakielekea Lubumbashi, kisha mpaka wa Kasumbalesa, kisha baharini. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, na nyingi inapita mbele ya dirisha hili. Kidogo mbele utavuka mto Lualaba, ukiwa bado kijana, kabla haujafika kule unakoitwa Kongo na kupewa meli za kubeba.

Kwenye daraja, kizuizi, kituo cha kulipia barabara, lango la mgodi, au penye askari, kamera iwe ndani ya mfuko. Sharti hili halina mjadala. Utajilinda mwenyewe, lakini pia utawalinda watu wengine wote waliomo ndani ya basi, ambao wana mgonjwa wa kumwona, mzigo wa kupokea, mtoto wa kumrudisha shuleni. Hakuna picha ya daraja yenye thamani ya kuwachelewesha watu hamsini.

Fungurume basi likisimama, wauzaji watakuja dirishani na ndizi, mayai na maji. Nunua, shukuru, uliza jina. Kabla na baada ya hapo ni magunia ya makala yaliyopangwa kando ya barabara, yamefungwa majani juu kama vichwa vyenye kofia. Ule ndio msitu wa miombo ukiwa njiani kwenda jikoni kwetu. Mvua zikianza, mahali palepale utaona uyoga mkubwa mno, mmoja ukitosha kumfunika mtoto kama mwavuli, umeshikwa juu ili dereva auone kwa mbali. Ukipata nafasi ya kushuka na kuupiga picha, piga na mkono ulioushika, na mtu mwenye mkono huo.

Hatua ya 4: Ukifika, tembea kwanza bila kamera

Ukishapita Mulungwishi na shule zake za Wamethodisti, jiandae. Likasi ni mji wa vilima, na katikati yake kuna majengo ya zamani yenye baraza pana na kona za mviringo, na barabara za jakaranda ambazo mwezi wa Oktoba zinamwaga maua ya zambarau chini. Mikono itakuwasha. Iache iwashe. Zunguka nusu saa na macho tu, ujue mji unaitwaje na umepitia nini.

Mji huu ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga hapa mitambo yake ya Panda na Shituru, na Wabelgiji wakaupa mji jina la bosi wao mmoja, Jean Jadot: Jadotville. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka 1966. Hata hivyo huko nje wengi bado wanaujua kwa jina lile la kukodiwa, kwa sababu ya siku tano za Septemba 1961, wakati kikosi cha askari wa Ireland waliokuja chini ya Umoja wa Mataifa kilipozingirwa hapa na majeshi ya Katanga mpaka kikaishiwa risasi na maji. Mwaka 2016 ilitoka filamu kuhusu mzingiro huo, ikapigwa Afrika Kusini. Wengine wameusikia mji kwa sababu ya jirani yake Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima.

Fikiria jambo hilo ukiwa unatembea. Dunia imeuchukua mji huu mara tatu, kwa shaba, kwa vita na kwa bomu, na mara zote tatu mama anayeuza nyanya katika soko la Kikula hakuonekana kwenye picha. Ndiyo maana tumepanda basi.

Hatua ya 5: Ingia sokoni kama mteja

Sokoni Kikula, anza kwa msimamizi wa soko. Msalimie, jieleze, onyesha kitambulisho, mwambie unatoka wapi na picha ni za nini. Akikukubalia, utatembea na moyo mweupe. Akikukatalia, shukuru, nunua mboga, na urudi siku nyingine.

Kisha nunua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja na kamera peke yake hamponyi mtu. Nunua meka moja ya unga, lile kopo la kupimia ambalo kila nyumba ya huku inalijua, utazame jinsi muuzaji anavyolijaza mpaka kilele kisimame, kisha anakiongezea kiganja kimoja cha heshima. Kile kiganja ndicho picha. Nunua ndakala, wale samaki wadogo. Uliza samaki waliokaushwa wametoka wapi, utajibiwa Kapolowe. Uliza mahindi yametoka wapi, mara nyingi utasikia Zambia. Onja kikanda, ule mkate mweusi wa viazi vya porini na karanga, wenye ladha ya udongo na moshi. Ukiwa na vitu mkononi umekuwa mtu wa soko, na mazungumzo yanaanza yenyewe.

Soko hapa si jambo la jana. Kaskazini-mashariki ya Likasi iko Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mtu aliyetoka kwa Wanyamwezi, Tanzania ya leo, akatawala nchi ya Garanganze. Bunkeya ilikuwa soko kabla hapajawa na reli wala tanuri la kizungu. Misalaba ya shaba iliyoyeyushwa na mafundi wetu wenyewe, pembe, chumvi, na kwa uchungu lazima tuseme hata watu, vilitoka pale kwenda pwani ya Zanzibar upande mmoja na Benguela upande wa pili. Misafara hiyo ni miongoni mwa njia zilizoleta Kiswahili ninachokuandikia. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs, uliokuja kumtaka apandishe bendera ya Mfalme Leopold. Bunkeya haitoshi kwa siku moja; iwekee safari yake. Lakini ukimwona mama wa Kikula akipanga mafungu ya chumvi kwa mstari ulionyooka, jua kwamba unatazama kazi ya zamani kuliko mji huu.

Hatua ya 6: Omba, kisha ngojea jibu lote

Mara ya kwanza nilipomwomba mama mmoja wa samaki nimpige picha, mazungumzo yetu yalikwenda hivi.

"Jambo, mama. Niko natoka Kolwezi. Ninaomba nikupige picha na samaki wako."

"Jambo, mwana. Utanipa nini?"

"Nitakupa picha yenyewe, mama."

Akaendelea kupanga samaki wake. "Bote banasemaka vile. Banabeba sura yetu, kisha habarudie."

Sikupiga picha siku ile mpaka nilipokaa kwenye kiti chake kidogo, nikaandika jina lake kwenye daftari, na namba ya meza yake, na siku anazokuja. Aliangalia niliyoandika, akanisahihisha herufi moja, kisha akajifunga kitambaa upya na kusema, "Haya."

Hapo ndipo bahasha ilipopata maana. Ukiombwa kitu kwa ajili ya picha, mwenye kuomba ana haki. Uso wake ni wake. Usipandishe bei kwa falanga mpaka soko zima ligeuke mnada wa sura. Ahidi picha, iandike ahadi mbele yake, na mtu akisema hapana, iwe hapana. Usimgeukie mtoto wake kwa kuwa mama amekataa.

Sasa kazi mbili za bahasha tupu nilizokuahidi. Sokoni, watu wengi wamekaa chini ya turubai la buluu, na nyuso zao zitatoka za buluu kama wagonjwa. Mwombe mwenye meza aishike bahasha nyeupe karibu na uso wake, ipige picha, uiambie kamera kwamba huu ndio weupe. Rangi ya ngozi itarudi nyumbani. Kisha ishike bahasha hiyohiyo kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kidevu chake, kwa pembe ya kunasa jua linalopenya ukingoni mwa turubai. Mwanga utapanda usoni, macho yatawaka. Hakuna taa ya dukani itakayokupa hivyo kwa bei ya karatasi. Na mtu aliyeshika bahasha ameshiriki kazi; hatajiona ameviziwa.

Hatua ya 7: Jua picha ambazo hutazipiga

Utakutana na wakreseri, vijana wa kuchimba, nguo zao zimeshika rangi ya udongo. Utakutana na watoto wanaoosha mawe. Utajua mara moja ni picha gani magazeti ya mbali yatapenda. Ninakuomba kwa dhati: kabla hujainua kamera, jiulize kama ungekubali ndugu yako apigwe vile, bila jina, macho chini, akatundikwe ukutani Brussels.

Swali hili lina umri. Kati ya 1898 na 1900 mpiga picha François Michel alipita Katanga na kamera katika msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Lemaire. Baadaye kampuni ya Union Minière ikawapiga picha wafanyakazi wake mistari kwa mistari, mbele ya mashine, bila majina. Kijana wetu wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, akazitoa zile picha za kumbukumbu, akawakata wale watu kwa uangalifu na kuwasimamisha ndani ya picha zake za rangi za viwanda vilivyobaki magofu. Mfululizo ule anauita Mémoire. Wanasimama pale wakituuliza nani alifaidi. Na yeye na wenzake, walipoanzisha tamasha lao la sanaa Lubumbashi mwaka 2008, waliliita kwa neno letu wenyewe: Picha.

Mimi nimejifunza kwao kwamba picha bila jina ni malighafi nyingine tu inayosafirishwa. Tumeshasafirisha za kutosha. Mchimbaji mpige picha amevaa shati lake la Jumapili kama anataka, au mbele ya duka la dada yake, au akicheka na wenzake wakinywa munkoyo. Amejaa maisha mengine zaidi ya shimo.

Hatua ya 8: Jua likisimama kichwani, kula

Mchana kamili, vivuli vinaingia machoni mwa watu na kila uso unakuwa na matundu mawili meusi. Weka kamera chini. Tafuta mama anayepika bukari na sombe, kaa kwenye benchi na wengine, nawa mikono. Ukila nao, utasikia hadithi ambazo hazikuulizwa. Ziandike kwenye daftari baada ya kula, kwa sababu wali wa hadithi haupikwi tena kesho.

Hatua ya 9: Panda basi mapema

Najua unautaka mwanga wa jioni, ule unaopaka vilima vya Likasi rangi ya shaba iliyosuguliwa. Uache. Barabara usiku ina malori yasiyo na taa na vumbi linalofanya gari la mbele lipotee kabisa. Ondoka alasiri mapema, kiti cha kushoto kama tulivyosema, na ukifika Lualaba jua likiwa chini, litazame kwa macho yako mawili. Mpiga picha aliyefika salama ana kesho ya kupiga picha.

Hatua ya 10: Lipa

Hapa ndipo safari inapoanza hasa. Ndani ya wiki moja, safisha picha. Chagua ile ambayo mwenye uso angeichagua, hata kama wewe unapenda nyingine. Ichapishe kwa ukubwa wa kuwekwa ukutani, kwenye karatasi inayostahimili moshi wa jikoni. Andika nyuma jina, soko, tarehe. Tia ndani ya bahasha. Kisha kata tiketi nyingine, hata ikiwa ni baada ya miezi miwili. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halilipwi kwa simu, maana wengi wa wenye meza wale hawana simu ya kupokea picha, na wenye nayo watabadilisha namba. Karatasi haibadilishi namba.

Mimi nilirudi kwa mama wa samaki mwezi wa Agosti. Alikuwa palepale, meza ileile, nzi walewale akiwafukuza kwa tawi. Nikafungua bahasha. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama kimya, akaipitisha kwa jirani wa nyanya, jirani wa nyanya akaipitisha kwa jirani wa chumvi, ikazunguka safu nzima ikarudi. Akaikunja ndani ya kitambaa safi, akaifunga kiunoni pale anapoweka fedha.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mama."

Kisha akamwita binti yake aliyekuwa akiosha beseni nyuma ya meza, akamwambia avue aproni, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Sasa tupige na huyu. Ile ya kwanza niko peke yangu."

Nikampa bahasha aishike chini ya kidevu cha binti, nikaandika jina jipya kwenye daftari. Jioni ile, ndani ya basi, bahasha yangu ilikuwa tupu tena, na daftari lilikuwa na majina kumi na moja.